Kilima cha Kiwanda cha Maziwa

Ndugu zangu, vitabu vya nyimbo wekeni chini kidogo. Na nyinyi wazee wa benchi la mbele msianze kushika magoti, maana leo nataka kuwakimbiza. Sitawapeleka mbali. Nawapeleka kambini, huko juu kwenye baridi, ambako vijana wetu huamka kufanya mazoezi ya marathoni wakati sisi ndiyo kwanza tunageukia ubavu wa pili.

Palikuwa na mwanamke mmoja mkimbiaji. Jina sitawapa, kwa sababu nikiwapa jina mtageuka nyuma kumtafuta mtu wa kumtwika, nami nawajua. Kambini walimwita Dada, basi, kwa kuwa alifika pale kabla ya wengine wote. Mbio zake zilikuwa za mtu asiye na haraka, lakini jaribu kumshika uone. Mwaka uliotangulia alikwenda mbio za jiji, zile ambazo mshindi wake huchukuliwa timu ya taifa, akamaliza wa pili. Wa pili, jamani! Utepe aliuona kwa macho yake ukikatwa na kifua cha mtu mwingine. Tangu siku hiyo ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja tu, arudi mwaka huu aukate yeye. Na umri ulikuwa umeshaanza kumnong'oneza kwamba hii huenda ndiyo nafasi ya mwisho.

Dada alikuwa na mwenzake, binti wa jirani yao kule nyumbani. Alimwona siku moja akimfukuza ndama aliyekata kamba, na ndama alishikwa. Akamwendea mama yake binti, akasema, "Mama, huyu mtoto ana miguu. Nipe niende naye." Akamleta kambini kwa mkono wake mwenyewe, akampa viatu vyake vya zamani, akamfundisha kufunga kamba zisifunguke njiani, wakalala chumba kimoja. Binti naye akamganda. Hata namna ya Dada ya kukohoa aliiga. Siku za mbio ndefu walitoka pamoja, Dada mbele, binti nyuma ya bega lake, na akina mama wa sokoni wakiwaona walisema, "Wale wanapita, kuku na kifaranga chake." Dada alikuwa akicheka. Ni rahisi sana kumpenda mtu aliye nyuma yako, au siyo? Nawauliza nyinyi. Ni rahisi mno.

Basi mguu ukaanza kuuma. Ulianza kidogo kwenye muundi, mfupa huu wa mbele, naye akanyamaza. Mkimbiaji akikwambia, "Nasikia kitu kidogo tu," ujue hata ngazi hawezi kupanda. Alinyamaza mpaka siku moja akasimama katikati ya barabara, mguu mmoja chini na mmoja hewani, machozi yanamtoka. Wakampeleka hospitali akapigwa picha. Daktari akaiinua ile picha kwenye mwanga.

"Unauona huu mstari mwembamba kama unywele? Huo ni ufa. Mfupa umechoka. Ukiendelea kukimbia, utakatika."

"Nipumzike mpaka lini, daktari?"

"Mpaka upone, mama. Mfupa hauna kalenda."

Sisi tuna methali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Daktari aliuona ufa, akaufunga, akampa magongo ya kutembelea, akatoa masharti. Lakini ndugu zangu, mashine ile hupiga picha mfupa. Haipigi picha moyo.

Kambini kuna kawaida yao. Aliyeumia hakai kitandani akajihurumia. Siku ya mbio ndefu hupandishwa nyuma ya pikipiki, akapakatishwa kikapu cha chupa, akawa anawagawia wenzake maji njiani. Kila chupa ina uzi wa rangi yake, kila mtu anaijua yake. Kocha akamwambia Dada, "Wewe sasa ni wa kikapu. Na habari ya mbio za jiji usiniulize mpaka mguu upone."

Hebu jiweke wewe hapo. Mtu ambaye watu walizoea kuuona mgongo wake, leo amekaa nyuma ya pikipiki kama gunia la viazi, amekumbatia chupa. Lakini hilo angelivumilia. Kilichomchoma kilikuwa kingine. Alipotazama ni nani anaongoza kundi, ni nani yuko pale mbele kabisa, mahali pake, aliona nini? Aliona kifaranga. Binti wa ndama! Mgongo umenyooka, mikono haina kelele, anakimbia mbio zile zile za Dada, kama aliyeziazima.

Roho ikamsokota. Siwafichi, na yeye moyoni mwake hakujidanganya. Alisikia wivu ukimpanda, wa moto, wa uchungu. Akajiambia, "Huyu nilimtoa kwenye zizi. Viatu nilimpa mimi. Sikumpa na nafasi yangu." Pikipiki ilipomfikia binti, Dada akatoa chupa yenye uzi mwekundu, na binti alipounyoosha mkono, vidole vya Dada vikaachia mapema kidogo. Mapema kidogo tu. Chupa ikaanguka mtaroni. Nani angesema amefanya kusudi? Barabara ni mbovu, pikipiki inaruka. Binti akapaza sauti, "Pole Dada, ni mimi sikushika vizuri!" akaendelea kukimbia na kiu yake.

Wivu, ndugu zangu, hupenda sana ajali. Hupenda mambo yanayoweza kusemwa kwamba yalitokea yenyewe.

Binti alikuwa akirudi mazoezini anamletea Dada chai, anamfulia soksi ambazo hazina hata jasho, anamwekea mto chini ya mguu. Na Dada alikuwa anayafasiri yote kwa kamusi ya wivu. Chai ikiletwa, "Anakuja kuona kama nimeshakufa." Mto ukiwekwa, "Anataka nizoee kulala." Siku moja binti akamwambia, "Dada, niazime saa yako ile ya kupimia kasi, nataka kujifunza mwendo wako." Dada akampa, na alipompa akauma meno. Amechukua nafasi, sasa anachukua na saa.

Halafu ikaja siku ya jambo lenyewe. Nisikilizeni vizuri hapa.

Kwenye zile mbio za jiji kuna kilima. Kiko mbali, mahali ambapo miguu imeshachoka na mwisho bado hauonekani. Barabara inapita kando ya kiwanda cha maziwa, kisha inainuka, inainuka, inainuka. Wengi wamezika mbio zao pale. Dada peke yake ndiye aliyejua dawa yake. Mwaka ule alikipanda pole pole, kwa hatua fupi, kichwa chini, akawaacha wenye papara wampite na pumzi zao. Kisha kwenye mteremko wa upande wa pili akawaokota mmoja mmoja, wamelegea. Wote aliwapita, isipokuwa yule mmoja aliyekata utepe. Dawa hiyo hakumwambia mtu. Hata Kocha hakuijua, maana siku ile alikuwa amesimama mwisho wa mbio, kwenye utepe.

Binti akaketi chini, karibu na kitanda cha Dada, akauliza kwa adabu zake zote, "Dada, kile kilima cha kiwanda cha maziwa, wewe hukipandaje?"

 Ndani ya Dada mlikuwa na majibu mawili. Moja la kweli, lililomtoka mwilini kwa jasho. Na jingine ambalo wivu ulimletea tayari limepikwa, kazi yake ni kupakua tu.

"Kile hakitaki mchezo," akasema. "Mimi huanza kuchochea chini kabisa, kwenye geti la kiwanda. Nakishambulia. Nikifika juu, wote wameshakata tamaa."

"Kuanzia getini?"

"Getini. Usikionee huruma."

Binti akashukuru. Akatoka, na kuanzia wiki ile akatafuta kilima kama kile karibu na kambi, akawa anakishambulia mpaka anatapika. Dada alimwona akitapika. Akaona aibu? Kidogo. Akaona raha? Hapo mtanisaidia kujibu, nyinyi mliowahi kumwona adui wenu akijikwaa.

Mungu si Athumani. Mguu ukapona. Daktari akapiga picha nyingine, ule unywele haupo. Dada akaanza upya, mbio za taratibu kwenye majani laini, peke yake, mbali na wenzake, kwa amri ya Kocha. Siku moja Kocha akamwambia, "Nafasi yako ya mbio za jiji ipo. Sikumpa mtu."

Dada akafurahi, na katikati ya furaha akauliza, "Na yule?"

"Yule naye anakwenda."

Mnaona? Furaha ikaingia mchanga. Yule naye anakwenda! Basi watapambana, mwalimu na mwanafunzi, barabara moja. Na Dada akajituliza hivi: "Aende. Kilima kitanitengenezea." Uongo aliousema kwa hasira sasa akauona ni akiba. Akaukalia kama kuku anavyokalia yai.

Mchana wa mwisho kabla ya mbio walikwenda mjini kuchukua namba za kifuani. Dada akapewa yake. Binti naye akaitwa, na Dada akageuza shingo kuona amepewa namba gani. Binti hakupewa namba kama yake. Alipewa fulana ya mistari.

Nyinyi msiofuatilia mbio niwaeleze. Fulana ile huvaliwa na mkimbiaji wanayemwita sungura. Sungura hashindanii utepe. Kazi yake ni kutangulia mbele, kukata upepo, kushika kasi anayoipenda yule aliye nyuma yake, kumpeleka salama mpaka mbali, halafu anatoka pembeni na kumwachia barabara. Anachoka ili mwingine asichoke. Na wakimwuliza ameshinda nani, hana cha kusema.

Dada akamtazama Kocha. Kocha akacheka. "Wa kwako huyo. Tangu ulipoumia alinijia akilia, akasema, 'Kocha, nifundishe kukimbia kama Dada, ili akipona nimpeleke.' Nikamwekea sharti asikwambie. Wewe nakujua, ungelisikia una sungura wako mwenyewe ungetupa magongo siku ile ile ukamfuata, na mguu ungekatika."

Kumbe, ndugu zangu! Ile nafasi ya mbele ilikuwa ya kujifunza kumkingia upepo. Ile saa ilikuwa ya kuujua mwendo wake. Kile kilima kilikuwa kwa ajili yake. Wiki zote zile alizokuwa akiutazama ule mgongo kwa kijicho, mgongo ule ulikuwa unamfanyia kazi yeye.

Kocha akaitwa mezani kutia sahihi, binti akamshika Dada mkono. "Dada, nilitamani kukwambia mpaka ulimi unaniwasha. Usihofu hata kidogo. Kile kilima nimekifanyia mazoezi mpaka nakiota. Nitakupeleka vile vile ulivyonifundisha. Getini tu, nachochea."

Simameni hapo. Msiende mbele. Mlango ulikuwa wazi, mnauona? Ilikuwa mchana kweupe, barabara haijaanza, hakuna aliyeumia. Alihitaji kusema sentensi moja tu: mdogo wangu, nilikudanganya, kile kilima hupandwa pole pole. Angeona haya kwa muda wa kumeza mate, binti angecheka, Kocha angetikisa kichwa, wakaenda kula. Nilikudanganya. Neno lenyewe ni moja.

Dada akasema, "Sawa."

Asubuhi yake mbio zikaanza. Zilikuwa nzuri, nawaambia. Mguu haukuuma. Upepo ulikuwa wa mbele, na mbele palikuwa na mgongo wenye mistari unaoupokea wote. Binti alikuwa akigeuka mara kwa mara, anamtazama Dada kama mama anavyomtazama mtoto anayevuka maji. Nyuma yao walikuwapo wanawake watatu, wakimbiaji hodari. Jengo la kiwanda likaonekana. Geti likafika.

Binti akageuka, akatabasamu, kisha akachochea.

Wale watatu wakatazamana, wakawaacha waende. Walikuwa na akili. Na Dada naye angeweza kuwaacha, au siyo? Nani alimlazimisha? Angefupisha hatua kama mwaka jana, akapanda kwa adabu. Lakini akibaki nyuma, binti atageuka na kuuliza, "Dada, mbona hufanyi ulivyosema?" Kocha atauliza. Maswali yataanza. Kwa hiyo akaufuata ule mwendo. Akapanda kile kilima kwa kasi ambayo hajawahi kuipanda maishani, si kwa ajili ya utepe tena, bali ili uongo wake usijulikane. Pumzi ya kusema "pole pole" alikuwa nayo mpaka katikati ya kilima. Hakuitumia. Alipofika juu hakuwa nayo tena.

Juu pale binti akatoka pembeni, Kocha aliyekuwa akiwatazama akampakia kwenye pikipiki, barabara ikabaki ya Dada. Kwenye mteremko, mahali alipozoea kuwaokota wenzake, akaokotwa yeye. Wakampita mmoja, wa pili, wa tatu. Na wengine nyuma yao ambao hata hakuwahi kuwasikia. Mguu mzima kabisa, ndugu zangu. Mfupa haukuwa na hata unywele. Alimaliza wakati utepe umeshakatwa, washindi wameshavikwa bendera, na mtangazaji ameshaanza kunywa soda.

Pale mwisho alikuta watu wawili wanamngoja. Kocha alikuwa amevimba kwa hasira, anamfokea binti mbele za watu: "Nani amekufundisha kupanda kilima namna ile? Nakuuliza, nani?"

Binti akamtazama Dada aliyekuwa anakuja akiyumba. Akainamisha macho. "Ni mimi, Kocha. Nadhani sikuelewa nilivyoelekezwa."

Kisha akamkimbilia Dada na shuka, akamfunika mabega, akapiga magoti pale kwenye lami, akaanza kumfungua kamba za viatu, zile kamba alizofundishwa kuzifunga. Alikuwa analia mpaka makamasi yanamtoka. "Dada, nisamehe. Nimekuharibia. Labda nilichochea kuliko ulivyoniambia. Kosa ni langu. Nisamehe."

Na Dada, mwenye wivu wake, mwenye uongo wake, mwenye pumzi yake ambayo sasa ilikuwa imeanza kurudi, akamwekea mkono kichwani, akasema:

"Nimekusamehe."

Mnaguna. Nawasikia. Mama mmoja pale nyuma amesema, "Mwanamke gani huyu?" Swali zuri, mama. Mwanamke gani huyu? Wivu ulimnyima chai tamu, ukamnyima rafiki, ukamnyima utepe, na mwisho kabisa ukampandisha kwenye kiti cha hakimu akamsamehe mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea. Hapo ndipo unapotaka kutufikisha sisi sote. Hauridhiki kutufanya wabaya. Unataka tuwe wabaya huku tunajiona wema.

Sasa niacheni niwe mkorofi kidogo. Wewe wa kwaya, yule aliyepewa kuongoza wimbo uliokuwa wako wakati unaumwa koo. Wewe mwalimu, yule mdogo wako aliyekaa kwenye kiti chako ulipokuwa likizo. Wewe mama, wifi yako ambaye mkwe anamwita kwanza. Umemwona mbele yako, roho ikakusokota. Uliwahi kumwuliza yuko pale kwa nini? Una hakika anakushinda? Na kama anakukatia upepo? Sisemi kila aliye mbele yetu ni sungura wetu. Wengine wanakimbia mbio zao, na wana haki. Lakini sisi huwa hatungoji kujua. Tunaachia chupa kwanza.

Najua wengine mngependa nimalizie kwa kusema Dada alitubu, wakakumbatiana, mwakani akashinda. Sisemi. Mfano ni wangu, naukomesha pale kwenye lami, binti amepiga magoti.

Maana nadhani yuko mtu humu ndani ambaye aliombwa msamaha na asiye na kosa, naye akatoa msamaha huo kwa sauti ya upole, watu wakamsifu. Unamjua uliyemsamehe. Pengine mmeketi benchi moja, na wimbo wa kwanza mmeuimba kwa kitabu kimoja. Yeye bado anaamini ni yeye aliyekosea. Anaamini hivyo leo, asubuhi hii, hapo ubavuni mwako.

Sadaka itangoja. Kwaya itangoja. Mimi naketi, nanyamaza. Pumzi ya neno moja bado unayo.